Karatasi Tisini za Kitopeni

Hewa ya Kitopeni ilikuwa mbovu, na watoto wa shule walikuwa wanaivuta. Hakukuwa na fumbo hapo. Kinu cha Nuru, kinachoupa umeme mji mkuu wa Jamhuri ya Sitara, kilichoma matairi makuukuu na oili chafu hatua mia mbili kutoka Shule ya Msingi Kitopeni. Upepo wa nchi ile, kwa kuwa haujasoma katiba, ulivuma kutoka kinuni kwenda madarasani. Watoto walikohoa katikati ya wimbo wa taifa. Mkaguzi wa elimu alipopita aliandika kwamba wanaimba kwa hisia kali.

Mtu aliyeujua ubovu huo kwa kipimo, si kwa pua tu, alikuwa Shindano Mbaruku. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, shule aliiacha darasa la nne, na kazi yake ilikuwa kumtunza Mnusaji. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Kitopeni waliipa mashine iliyokaa juu ya paa la shule, mali ya Dk. Agripina Luhende wa Chuo Kikuu, mtaalamu wa hewa pekee ambaye Sitara ilikuwa naye. Mashine ilivuta hewa kutwa kucha na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe ya duara, upana wake kama kisahani cha kahawa. Kila asubuhi Shindano alipanda ngazi, akaitoa karatasi kwa koleo dogo, akaweka nyingine. Iliingia nyeupe, ikatoka nyeusi kama sufuria ya msibani. Dk. Agripina aliipima kwenye mizani yenye uwezo wa kupima mguu wa sisimizi, akaandika uzito daftarini, na Shindano akaifungia karatasi ndani ya kikopo chake, akaandika namba ya siku juu ya kifuniko.

Kazi ile ilikuwa na mwisho wake. Sitara ilikuwa na Sheria ya Pumzi, iliyosema kwamba zikipatikana karatasi tisini za siku tisini mfululizo, na kila moja ikavuka mstari, basi chanzo cha moshi kifungwe siku ya tisini na moja, bila mjadala. Baraza la Taifa lilikuwa limeipitisha kwa vigelegele, kwanza kwa sababu wafadhili waliipenda, na pili kwa sababu hakuna mjumbe aliyeamini kwamba Msitara anaweza kufanya jambo moja siku tisini bila kuruka hata moja.

"Ndugu Shindano," Dk. Agripina alimwambia siku ya kwanza, "tukikosa siku moja tunaanza upya."

"Hatukosi," alisema Shindano.

Na hakukosa. Alipanda siku ya sikukuu. Alipanda siku aliyomzika mama mkwe, akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye kanzu. Mkewe, Mama Subira, alimwambia hata yeye hajawahi kuamkiwa kwa uaminifu kama mashine ile. Shindano alicheka, lakini moyoni alijisikia vizuri. Binti yao Subira alikuwa darasa la tatu palepale Kitopeni, chini ya paa lilelile, na usiku alikuwa anakohoa.

Siku ya themanini na sita, Waziri wa Hewa na Heshima alifika Kitopeni.

*

Mheshimiwa Tibwa Marijani alikuja na magari manne, na yote manne yakabaki yananguruma wakati wote wa ziara ili viyoyozi visije vikapoa moyo. Alipandishwa ngazi na watu watatu, wawili wakisukuma na mmoja akiomba dua. Alipofika juu alimtazama Mnusaji kwa muda mrefu.

"Huyu katoka wapi?" aliuliza.

"Ni mashine, Mheshimiwa," alisema Dk. Agripina. "Tuliletewa kutoka nje."

"Kwa hiyo ni mgeni."

"Ni mashine."

"Aliyetoka nje ni mgeni!" Waziri aliwageukia watu wote, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Na nyinyi mgeni mmemweka juani, juu ya bati, mbele ya matairi! Siku themanini na sita! Hata maji hamkumpa! Nyie ni watu wa wapi?"

Inafaa ieleweke hapa kwamba Sitara mtu anaweza kuiba ng'ombe akasamehewa, lakini hasamehewi kumwonyesha mgeni taka za nyumba yake. Godoro bovu hugeuzwa, ukuta wenye ufa hutundikiwa kalenda, mgonjwa anayekoroma huhamishiwa kwa jirani. Kwa hiyo Waziri aliposema vile, watu waliinamisha vichwa. Mwalimu Mkuu, Bi Odilia, ambaye kila wiki alibeba watoto mgongoni kuwapeleka zahanati kwa kukosa pumzi, naye aliinamisha kichwa. Shindano alijisikia uso unawaka. Kweli, aliwaza. Mgeni tumemweka vibaya.

Dk. Agripina peke yake hakuinamisha kitu. "Mheshimiwa, akihamishwa atapima nini?"

"Atapima ukarimu wetu," alisema Waziri.

*

Mnusaji alipelekwa kwenye ukumbi wa Wizara, akawekwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Dk. Agripina aliposoma sheria alikuta haikutaja paa wala ukumbi, ilitaja siku tu, akamwambia Shindano asimzime. Kwa hiyo mgeni alikaa kwenye kochi huku anavuta hewa, na tarakimu nyekundu zinawaka kifuani mwake. Mstari wa sheria ulikuwa hamsini. Kule Kitopeni Mnusaji alikuwa amezoea mia mbili na zaidi.

Waziri aliwasha udi kwa mkono wake mwenyewe. Chetezo kilizungushwa kulia kwa mgeni, kisha kushoto, na mmoja wa makatibu akapepea moshi uelekee puani kwake, maana mgeni asiyefikishiwa udi ni kama hakukaribishwa.

"Ndugu zangu," alihutubia Waziri, "hewa ya Sitara ni hewa ya kurithi. Hatukuikopa. Babu zetu waliivuta, wakafa wameridhika."

Tarakimu zikapanda mia tatu.

"Anafurahi," alinong'ona katibu.

"Ongeza udi," alisema Waziri.

Zikapanda mia tano. Udi uliongezwa, ukafuatiwa na ubani, na mtu wa itifaki akaleta chetezo cha pili kutoka nyumbani kwake. Zilipofika mia sita na arobaini Shindano, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, ule ni moshi. Anahesabu moshi."

"Huu si moshi. Huu ni heshima."

Mgeni alikirimiwa hivyo siku nne. Siku ya nne karatasi ilitoka na rangi ya kahawia iliyokolea, inanukia harusi. Dk. Agripina aliipima, akaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu Shindano alimwona anacheka hadi machozi.

"Tisini, ndugu yangu! Nne za mwisho wametuchangia wao wenyewe. Nitaandika wazi: themanini na sita ni za matairi, nne ni za udi. Waheshimiwa watachagua wenyewe wafunge kipi."

Vikopo tisini vilifungiwa kabatini Chuo Kikuu. Funguo zilikuwa mbili, moja ya daktari na moja ya Shindano, na kila moja ilitosha kulifungua. Baraza la Taifa lingekaa siku tatu baadaye, vikopo vifunguliwe mbele ya wajumbe na mabalozi.

*

Kesho yake asubuhi Shindano aliitwa Wizarani.

"Karibu, Daktari," alisema Waziri.

Shindano aligeuka nyuma kutazama nani ameingia. Hakukuwa na mtu.

"Mimi si daktari, Mheshimiwa. Mimi natunza mashine tu."

"Paa alikuwa anapanda nani? Yule mama?"

"Mimi."

"Koleo anashika nani?"

"Mimi."

"Sasa daktari ni yupi? Anayeandika, au anayeshika? Kaa, Daktari."

Alikalishwa kwenye kiti chenye magurudumu, kiti ambacho hajawahi kukikalia mtu wa ukoo wake. Aliletewa chai ya maziwa kwenye kikombe chenye kisahani. Jambo hili ni dogo na linatia aibu kulisimulia, lakini bila hilo kisa hakieleweki: Shindano, aliyepanda paa siku zote zile bila kujali anaitwa nani, alinyoosha mgongo kitini kama daktari.

"Keshokutwa," alisema Waziri, "zitafunuliwa karatasi tisini chafu mbele ya mabalozi. Wewe una mke. Ungeweza kuanika shuka zenu chafu barazani, wageni wakiwepo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi nataka zifuliwe."

"Hazifuliki. Ukizitia maji zinakuwa uji."

"Hata kwa sabuni ya unga?"

"Hata kwa sabuni ya unga."

"Zikipauliwa kwa dawa ya madoa? Zikianikwa kivulini?"

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Zile si nguo."

Waziri alijiegemeza, akamtazama katibu wake, na katibu akatazama dari. Elimu ya Wizara nzima kuhusu karatasi zile ilikuwa imeishia hapo. Kama Shindano angekunywa chai yake akanyamaza, wasingekuwa na la kufanya. Lakini alikuwa ameitwa Daktari mara mbili asubuhi moja, na daktari akiulizwa hawezi kukaa bila jibu.

"Lakini mpya zipo," alisema. "Boksi zima. Zinafanana na zile kabisa."

Hakuna aliyemuuliza hilo. Alilitoa mwenyewe, kama mtu anayemwongezea mgeni nyama.

Waziri alisimama, akazunguka meza, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Mnaona?" aliwaambia makatibu. "Mnaona mtu aliyesoma?"

Shindano alipotoka alikuwa amepimwa bega kwa ajili ya koti jeupe. Alikuwa pia na barua ya kumhamishia Subira Shule ya Kilimani, iliyoko juu ya mlima wa viongozi, ambako moshi hufika kwa mwaliko tu.

Kazi yenyewe ilichukua saa mbili, mchana kweupe, Dk. Agripina akiwa darasani anafundisha. Kikopo kimoja kimoja, Shindano alitoa karatasi nyeusi, akaweka nyeupe, kwa koleo lilelile, kwa uangalifu uleule. Hakugusa hata moja kwa kidole. Kisha alizipeleka zile tisini kwenye Kinu cha Nuru ndani ya gari la Wizara na kuzitupa tanurini mwenyewe. Zilipanda bombani zikarudi hewani zilikotoka, na Kitopeni wakazivuta mara ya pili.

Jioni Mama Subira aliisoma barua ya Kilimani, akaisoma tena.

"Umewapa nini?" aliuliza.

"Ushauri wa kitaalamu."

"Wewe?"

Mama Subira aliikunja barua, akaiweka chini ya godoro, wala hakupiga kigelegele.

*

Baraza lilijaa. Shindano alikaa mstari wa mbele na koti jeupe, kifuani limedariziwa kwa uzi wa bluu: Dk. S. Mbaruku. Dk. Agripina alimwona, akaduwaa kidogo, kisha akatabasamu kama mtu anayeona mwenzake kavaa vizuri kwa ajili ya siku yao. Tabasamu lile lilimchoma Shindano kuliko yote yaliyofuata.

Dk. Agripina alifungua kikopo cha kwanza, akakiinua. Karatasi ilikuwa nyeupe. Alifungua cha pili, na cha tatu. Wajumbe walianza kupiga makofi kwa kila kikopo, kama watu wanaohesabu mabao. Alipofika cha kumi daktari hakutazama tena vikopo. Alimtazama Shindano.

"Ndugu Shindano," alisema polepole, "umezibadilisha?"

"Anaitwa Daktari," alikemea Spika.

Shindano alisimama. Alikuwa amepanga maneno tangu usiku, na aliyatoa kwa mtu ambaye hakumuuliza. "Mheshimiwa Spika, hewa ilikuwa safi."

"Ninalo daftari," alisema Dk. Agripina. "Uzito wa kila siku umeandikwa humu."

"Daftari hilo limeandikwa na nani?" aliuliza Spika.

"Na mimi."

"Na karatasi imeandikwa na nani?"

"Na hewa."

"Basi Baraza linaamini hewa."

Makofi yalidumu dakika sita. Azimio lilipita palepale: Dk. Agripina Luhende amepatikana na kosa la kuisingizia hewa ya Jamhuri, na amezuiwa kupima kitu chochote ndani ya mipaka ya Sitara, ikiwa ni pamoja na sukari dukani. Alipewa siku saba aondoke. Kinu cha Nuru kilipongezwa kwa uvumilivu wake na kuongezewa bomba la pili. Mnusaji alipewa uraia wa heshima, na kwa kuwa raia wa heshima hafanyi kazi, akang'olewa waya.

Nje ya ukumbi Dk. Agripina alimpita Shindano, akasimama. Hakupaza sauti.

"Ripoti ilikuwa na majina mawili," alisema. "La kwangu na la kwako. Nililiweka la kwako mbele, kwa sababu wewe ndiye hukukosa siku."

"Daktari, nisikilize..."

"Hapana," alisema. "Sasa daktari ni wewe." Akaenda.

*

Mwaka ulipita na miezi kadhaa. Shindano alipewa ofisi isiyo na kazi. Asubuhi alimsindikiza Subira hadi kituo cha gari la Kilimani. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kimekwisha mwezi wa pili tu. Mitaani watu walimwita Daktari na kumwonyesha majipu.

Siku moja Bi Odilia alimjia ofisini, rejista ya shule kwapani.

"Shikamoo, Daktari."

"Mwalimu, usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Baba Subira? Subira hayupo kwangu." Aliiweka rejista mezani, akaifungua. "Wewe ni mtu wa namba. Nimekuja unisomee hizi, mimi zinanishinda."

Shindano alisoma ukurasa mmoja. Alipomaliza, Bi Odilia alisema, "Mimi nawe wote tuliinamisha vichwa siku ile juu ya bati. Mimi nimeinua. Wewe je?"

Kesho yake Shindano alivua koti, akaenda Ofisi ya Marekebisho ya Ukweli, dirisha namba tatu. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu mbili sikioni.

"Nataka kupinga ushahidi wa Baraza kuhusu Kitopeni," alisema Shindano.

"Ushahidi wa nani?"

"Wa Dk. Mbaruku."

"Yule ni mtaalamu wa taifa, mzee. Wewe ni nani?"

"Ni mimi. Mimi ndiye Mbaruku."

Karani alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi una maslahi katika shauri hili. Huwezi kumpinga mtu ambaye mnajuana."

"Nilidanganya, mwanangu. Zile karatasi nilizibadilisha kwa mkono wangu."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Karatasi za zamani ziko wapi?"

"Nilizichoma."

"Kwa hiyo ushahidi wako ni neno lako, na neno lako unasema ni la uongo." Karani aliandika hilo, akalisoma, akaridhika nalo. "Halafu kumpinga daktari anatakiwa daktari wa juu yake. Elimu yako, mzee?"

"Darasa la nne."

"Unaona mwenyewe," alisema karani, akafunga dirisha taratibu ili lisimgonge.

Shindano alishuka Kitopeni kwa miguu. Mabomba yote mawili yalikuwa yanafuka. Alimkuta Bi Odilia langoni, akamwambia walichomjibu. Bi Odilia hakushangaa. Alimpa rejista aishike, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda kumbeba mtoto aliyeanguka mstarini, na Shindano akabaki pale ameishika.

Gharama ni hii, kama ilivyoandikwa humo na kama anavyoijua yeye. Asubuhi themanini na sita za kupanda paa, na siku nne za kochini. Karatasi tisini. Mtaalamu mmoja wa hewa, ambaye sasa anapima hewa ya watu wengine, na nafasi yake haijajazwa. Darasa la tatu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja siku vikopo vilipofunguliwa barazani. Kumi na saba wana pumu. Watano wameacha shule kwa sababu hawawezi kutembea kutoka nyumbani bila kukaa njiani. Watatu wamezikwa: Chausiku Ngwali, miaka tisa, Pendaeli Mrisho, miaka tisa, Zubeda Kilindo, miaka minane. Mmoja amehamia Kilimani. Huyo hakohoi.